Uani si mahali pa kumwaga saruji

Msimu wa korosho unapofungwa na wakulima wa Mkoa wa Lindi kulipwa fedha zao, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi mjini nao hupata kicheko. Mabati, nondo, rangi na saruji huondoka kwa maguta kuelekea mitaani. Ni jambo jema. Fedha ya korosho inayogeuka kuwa bati au tofali ni fedha iliyopata pa kukaa, na sote tunajua njia nyingine ambazo fedha hiyo hupotelea.

Mambo mawili yameongeza kasi hiyo. Tangu kiwanda cha Dangote kilipozinduliwa Mtwara mwaka 2015, mfuko wa saruji hausafiri tena safari ndefu kuifikia Lindi. Na katika minada ya mwanzo ya Oktoba 2024, bei ya korosho ghafi kule Tandahimba na Newala ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, jambo lililowapa moyo wajenzi wa kusini yote.

Kinachotufanya tuandike leo ni ile sehemu ya fedha inayomwagwa chini, tena kwa maana halisi ya neno. Pita Mtanda, au mtaa wowote wa Manispaa ya Lindi unaokua kwa haraka. Mwenye nyumba akishaezeka na kupaka rangi, hamu yake inayofuata ni kuwa na mahali pazuri pa kupumzikia nje. Mwembe wa zamani unakatwa kwa kuwa "unachafua". Udongo unafunikwa kwa zege au kwa matofali ya pevingi. Ukuta unapandishwa hadi upepo unasahau njia. Mwisho vinawekwa viti vinne na mwavuli wa rangi, kama vile picha za kalenda zinavyoonyesha.

Saa nane mchana hakuna anayevikalia. Saa mbili usiku bado sakafu ina joto, na wenyeji wameketi nje ya geti, barabarani, kwenye gogo la jirani ambaye bado hajapata fedha za kukata mti wake.

Msimamo wetu ni kwamba ua wa mapumziko ni kitega uchumi halali cha familia, na unastahili kupangiwa bajeti kama paa na choo. Lakini katika pwani yetu kitega uchumi hicho kinapandwa na kumwagiliwa kwa miaka michache ya mwanzo. Saruji ina kazi yake, ila ni kazi ndogo kuliko tunavyodhani.

Tuanze na hesabu. Chukua ua wa mita 10 kwa 6. Ukiumwagia zege la unene wa sentimita 5 unahitaji mita 3 za ujazo, ambazo kwa mchanganyiko mzuri ni mifuko 18 hivi ya saruji. Hapo hujahesabu mchanga, kokoto, maji na ufundi. Msomaji azidishe mwenyewe kwa bei ya duka la kwake.

Sasa tazama kazi ambazo kweli zinahitaji sakafu ngumu: mahali pa kuoshea vyombo na kufulia, mita 2 kwa 2, kinjia cha kutoka mlango wa nyuma hadi chooni, ili masika yasituletee tope ndani, na kibaraza cha kukalia cha mita tatu kilichojengwa kwa mawe na kupigwa lipu. Fundi mwaminifu atayamaliza yote hayo kwa mifuko isiyozidi minane. Mifuko kumi inayobaki ndiyo fedha ya miche, samadi, gata za kuvunia maji ya mvua na tanki.

Kuna gharama nyingine ambayo haimo katika hesabu ya fundi. Mvua ya milimita 50, ambayo kwa masika yetu si ya ajabu, inapopiga ua huo wa mita za mraba 60 uliosakafiwa wote, inatoa lita 3,000 za maji. Hayo ni madramu 15 ya lita 200, na yote yanatoka kwako kwenda kwa jirani wa chini au barabarani. Zidisha kwa nyumba za mtaa mzima, kisha tuulizane kwa nini mitaro inafurika na barabara za udongo zinachimbika. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, wengi tulilaumu makaravati. Kwa barabara kuu ilikuwa halali. Kwa vichochoro vya mitaani, sehemu ya maji hayo huanzia katika nyua zetu wenyewe.

Halafu kuna joto. Zege, ukuta na bati hula jua mchana kutwa na kulirudisha usiku, wakati watu wanatafuta usingizi. Mti hunyonya maji ardhini na kuyatoa kwa njia ya majani, na kazi hiyo hupoza hewa iliyo chini yake. Anayebishana na hili asimame saa saba mchana chini ya mwembe, kisha ahamie chini ya banda la bati. Feni ya wati 60 ikizungushwa saa 10 kila siku inakula uniti 18 za LUKU kwa mwezi, na nyumba yenye vyumba vinne inahitaji zaidi ya feni moja. Wanaoumia kwanza ni wale wasioweza kutoka kwenda kutafuta upepo kwingine, yaani mzee anayeumwa miguu, mzazi aliyejifungua juzi na mtoto wake.

Wazee wa pwani hii walilijua jambo hili vizuri. Husuni Kubwa, jumba lililojengwa Kilwa Kisiwani mwanzoni mwa karne ya 14 enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, liliwekwa juu ya genge linalopokea upepo wa bahari, na lilikuwa na nyua zenye ngazi za kukalia pamoja na bwawa la pembe nane. Nyumba za mawe za Songo Mnara zilizunguka nyua zilizo chini kidogo kuliko vyumba, na watu waliteremka kwa ngazi kuingia humo. Wareno walioivamia Kilwa mwaka 1505 wakiongozwa na Francisco de Almeida waliacha maandishi yanayotaja bustani za machungwa, malimau, mboga na vitunguu, zikinyweshwa maji ya visima. Mchumi wa kilimo hawezi kupita hapo bila kusimama: bustani za mji tajiri wa pwani hii zilikuwa na vitunguu. Kupumzika na kula havikutenganishwa.

Nyumba zetu za kawaida za Kiswahili nazo zilirithi akili hiyo. Kibaraza mbele, ukumbi katikati unaopitisha upepo kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, na ua nyuma wenye jiko, kisima na mti. Siku hizi kibaraza kimegeuzwa fremu ya duka, hata pale ambapo fremu tatu za jirani zimefungwa kwa kukosa mpangaji. Hatuwapingi wanaotafuta kodi, ila tunawashauri wahesabu miezi ambayo fremu imekaa tupu kabla hawajakivunja kibaraza ambacho hakijawahi kukaa kitupu.

Jua, upepo, kisha mti

Anayepanga ua wake leo asianze na viti wala maua. Aanze na jua. Lindi iko nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, na hilo lina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Jua la adhuhuri linatupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, karibu na Oktoba 20 na tena karibu na Februari 22. Kati ya tarehe hizo linaelemea kusini kidogo tu, kiasi cha nyuzi 13 linapozidi, mwezi Desemba. Miezi minane iliyobaki linakaa kaskazini, na mwezi Juni linaelemea huko zaidi ya nyuzi 33.

Kwa mwenye nyumba, tafsiri yake ni hii. Upande wa kusini wa nyumba ndio wenye kivuli cha adhuhuri kwa sehemu kubwa ya mwaka, na hata Desemba upenu wa nusu mita au zaidi kidogo unatosha kulizuia jua lisifike kwenye miguu ya ukuta wa mita mbili na nusu. Upande wa kaskazini ungehitaji upenu wa zaidi ya mita moja na nusu kufanya kazi hiyo hiyo mwezi Juni. Kwa hiyo, mwenye kiwanja kinachomruhusu kuchagua aweke baraza la mapumziko kusini au kusini-mashariki mwa nyumba. Huko ndiko pia unakotokea upepo wa kusi, unaovuma takriban kuanzia Aprili hadi Oktoba.

Kasoro yake ni kwamba kaskazi, upepo wa miezi ya joto kali kuanzia Desemba hadi Machi, unatokea upande wa pili, na nyumba inaukinga. Dawa ni ile ya zamani: ukumbi usioziba, mlango wa mbele na wa nyuma vikitazamana. Anayejenga upya asikubali ramani inayoua ukumbi kwa ajili ya kuongeza chumba kimoja. Na ukuta wa ua, kama lazima uwepo, uachiwe matofali ya matundu kuanzia usawa wa kiuno kwenda juu. Mwizi hapiti katika tundu la tofali, upepo unapita.

Jua linalosumbua kuliko yote ni la alasiri, kwa sababu linakuja likiwa limelala na hakuna upenu unaolizuia. Kwa hiyo, mti wa kwanza wa ua wowote upandwe magharibi. Kama fedha ipo ya mti mmoja tu, uwe huo.

Mti gani? Hapa ndipo fedha nyingi zinapotea. Mwembe uliobebeshwa huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, majani yake hayapukutiki yote kwa wakati mmoja, na kivuli chake ni kizito. Unataka nafasi, angalau mita nane kutoka ukutani. Mwarobaini unakua haraka na kuvumilia kiangazi, na ndio tungempendekezea mwenye udongo wa mchanga mtupu. Kwa ua mdogo kuna mstafeli, mlimau na mkomamanga, ambayo inaweza kukaa mita tatu au nne kutoka nyumbani bila kugombana na msingi.

Mkrismasi unapendwa kwa maua yake mekundu, nasi tunaupenda barabarani. Uani unatuangusha, kwa kuwa huvua majani mwishoni mwa kiangazi, wakati ule ule jua liko juu ya utosi. Mkungu kivuli chake kizuri, lakini mizizi yake huinua sakafu, kwa hiyo ukae mbali na kinjia. Mnazi ni mti wa heshima ila kivuli chake chembamba, nazi zake huanguka bila kupiga hodi, na ugonjwa unaofisha minazi umekwisha kuimaliza mingi katika pwani hii ya kusini. Anayetaka mnazi aupande ukingoni mwa kiwanja, si juu ya mkeka wa bibi.

Kuhusu mkorosho tutasema wazi, hata kama tutawaudhi wengi. Mkorosho ni mti unaolisha mkoa huu, na matawi yake yanayoinama hadi chini yanafanya kivuli cha kupendeza. Lakini mkorosho unaotarajiwa kuzaa unahitaji kukingwa na ubwiriunga, na kinga iliyozoeleka ni salfa ya unga, inayopulizwa kuanzia mwezi Juni hivi. Hiyo ndiyo miezi ya baridi nzuri ambapo watoto wanashinda nje. Unga huo unawasha macho na kubana kifua. Mkorosho ubaki shambani. Uliopo tayari uani na usipulizwe, lakini mwenyewe ajue kwamba ameubakiza kwa kivuli, asiuhesabu kwenye mavuno.

Jambo jingine la kukumbuka ni upepo mkali. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, na Hidaya ya 2024 ilitukumbusha kwamba vimbunga havijaisahau pwani yetu. Mti mkubwa karibu na paa upunguzwe matawi kabla ya masika, kila mwaka, na matawi yanayolala juu ya bati yaondolewe. Mti uliotunzwa hivyo hauna sababu ya kukatwa.

Maji ndiyo yanayoamua

Wengi wanaopenda picha za majarida wanataka majani mabichi ya zulia. Tunawasihi wapige hesabu kwanza. Lindi ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei. Baada ya hapo ni kiangazi cha miezi mitano au zaidi. Majani ya zulia ya mita za mraba 60 yanataka kama milimita 5 za maji kwa siku ili yabaki kijani. Hizo ni lita 300, ndoo 15 kila siku, au uniti 9 za maji katika bili ya mwezi. Kwa miezi mitano ni lita 45,000.

Sasa mwembe mmoja mchanga. Ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki, kiangazi kizima cha wiki 22, ni lita 880. Baada ya viangazi viwili au vitatu unajitegemea. Maji hayo yanaweza kuwa yale yale yaliyooshea mboga na kusuuzia vyombo, bora yasiwe na sabuni nyingi wala jiki. Kati ya lita 880 kwa miaka michache na lita 45,000 kila mwaka hadi mwisho wa dunia, hatuoni mjadala.

Paa nalo lina mchango wake. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tuseme mwaka umeleta milimita 800, na bati lako lina mita za mraba 80: hizo ni lita 64,000, na hata ukipoteza moja ya tano unabaki na lita 51,000. Tatizo ni pa kuyaweka. Tanki la lita 5,000 likigawanywa kwa siku 150 za kiangazi linatoa lita 33 kwa siku. Ni kidogo kwa majani ya zulia, ni mengi kwa miti minne, tuta moja la mchicha na vyungu vya mrehani. Maji mengine yote ya paa yaelekezwe kwenye mashimo ya miti wakati wa masika, yazame ardhini. Udongo ndilo tanki la bei nafuu kuliko yote, na ndilo hilo tunalolifunika kwa saruji.

Wenye visima karibu na bahari waonje maji yao kabla ya kuchagua miti. Michungwa, milimau na midimu haipendi chumvi. Ncha za majani zikianza kuungua, kisima ndicho cha kulaumiwa. Mkomamanga, mwarobaini na mnazi huvumilia zaidi.

Kibaraza chenyewe hakina siri. Urefu kutoka chini sentimita 45, upana usipungue 60, na kama kuna mzee anayependa kujinyoosha baada ya chakula, uwe 90. Juu yake kipenu cha makuti kilichoegemezwa ukutani. Makuti yatataka kubadilishwa baada ya miaka michache, na wapo watakaosema bati ni rahisi zaidi kwa hesabu ya muda mrefu. Kwa ghala tunakubali. Kwa mahali pa kulala mchana, bati tupu ni tanuri. Nguzo za kipenu ziwe za mianzi au miti ya kupandwa. Mikoko ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi, na kuikata kunataka kibali. Bustani isianze kwa kosa.

Pembeni mwa kibaraza hatuhitaji mengi. Asumini ukutani, kwa kuwa inanukia jioni tunapokaa. Mrehani na mchaichai karibu na mlango wa jiko. Mpesheni ukitambaa kwenye chanja upande wa magharibi utafanya kazi ya mti katika mwaka wa kwanza, wakati mti wenyewe unakua. Vyungu visiachwe na visahani vya maji chini yake, wala makopo na magurudumu mabovu yasikusanye maji, maana mbu anayeeneza homa ya dengi huzaliana humo humo. Na wanaoogopa nyoka, hofu ambayo si ya kipuuzi, wapogoe matawi ya chini na kuacha ardhi wazi chini ya miti. Nyoka hukaa kwenye majani marefu na marundo ya matofali. Mara nyingi hayo marundo ni yale yaliyobaki kwenye ujenzi.

Nani anaukalia, nani anaufagia

Katika nyumba nyingi za Mtanda, kama kwingineko pwani, uani ni mahali pa kazi. Hapo nazi inakunwa, nguo zinafuliwa, watoto wanaogeshwa, samaki wanaparwa na mchele unapetwa. Baba anayechora bustani ya mapumziko kwa kuondoa jiko la nje na kuliweka pembeni kwenye jua, amejijengea yeye starehe na kuwaongezea wengine adha. Kivuli bora cha ua kitolewe kwanza kwa anayekaa hapo saa nyingi zaidi. Huyo kwa kawaida si baba.

Vivyo hivyo kwa majani yanayodondoka. Hoja ya "mti unachafua" husemwa na wanaume, lakini ufagio uko mikononi mwa mama na mabinti, na ni kazi ya kila alfajiri. Ni gharama ya kweli, tusiidharau. Ichimbwe shimo la mboji la mita moja hatua chache kutoka mtini ili majani yafagiliwe humo badala ya kubebwa hadi jalalani au kuchomwa. Baada ya miezi kadhaa shimo hilo linarudisha mbolea ya tuta la mboga. Na ufagio si mzito kwa mtoto wa kiume.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye nyumba za kupanga. Vyumba sita, familia nne, ua mmoja. Mwenye nyumba haukalii, kwa hiyo hapandi. Mpangaji anaukalia, lakini hana uhakika kama atakuwepo embe la kwanza likiiva. Juu ya hayo ipo desturi yetu ya pwani ambapo mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine, na kupanda mti wa kudumu huonekana kama kuanza kudai ardhi. Ndiyo maana wenye nyumba wengi huwakataza wapangaji wao kupanda chochote kinachozidi mchicha. Hatuwalaumu, wanajua kesi walizoziona.

Njia ipo, na ni ya maandishi. Karatasi moja kati ya mwenye nyumba na wapangaji: mti ni wa mwenye nyumba, matunda ni ya wanaoishi humo, na anayeumwagilia kwa viangazi viwili anapunguziwa kodi kwa kiasi walichokubaliana. Mwenye nyumba anapata mti ambao, siku mthamini wa fidia au mnunuzi akija, utahesabiwa. Mpangaji anapata kivuli kwa bei anayoiona. Pale makubaliano yanaposhindikana, bado kuna mpapai, mpesheni, matembele na vyungu, ambavyo havijawahi kumpeleka mtu baraza la ardhi.

Kwa Manispaa ya Lindi tuna ombi. Anayeomba kibali cha ujenzi atakiwe kuonyesha katika ramani yake sehemu ya kiwanja itakayobaki udongo mtupu na mahali pa miti angalau miwili. Hilo halihitaji fedha ya bajeti, linahitaji mstari mmoja katika fomu na ofisa anayeusoma. Na siku za upandaji miti, ambazo viongozi hupanda miche pembezoni mwa barabara na mbuzi kuila wiki inayofuata, sehemu ya miche hiyo ipelekwe kwa wenye nyumba walio tayari. Mti wa uani una mtu wa kuumwagilia na kuufukuzia mbuzi.

Kwa anayetaka kuanza mwaka huu, kalenda ni fupi. Shimo lichimbwe Oktoba, sentimita 60 kila upande, udongo wa juu ukitengwa na wa chini. Novemba lijazwe udongo wa juu uliochanganywa na madebe mawili ya samadi iliyooza vizuri, liachwe litulie. Mche uingie ardhini mvua zikishakolea, asubuhi au jioni, na uwekewe kivuli cha makuti kwa wiki chache za kwanza. Ukiununua kitaluni, tazama chini ya shina mahali ulipobebeshwa: pawe pamefunga vizuri, na mkanda wa nailoni uwe umekwisha ondolewa. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha mahali hapo anakuuzia mwembe wa kokwa, na huo unaweza kukuweka miaka sita au zaidi kabla hujaonja embe.